Maji ya Jumapili

"Kwa idhini ya Malkia wa Uingereza, kwa taarifa ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya ya Same, na mbele ya mashahidi wenye akili timamu, unafunguliwa wosia wa marehemu Asheri."

Tangazo hilo zito lilitolewa na Hedwiga, binti wa marehemu, mwenye miaka kumi na sita, juu ya kinu kilichopinduliwa. Kinu kikayumba na mjumbe wa Malkia akatua kwa makalio. Wazee wa ukoo wakakohoa kuficha kicheko.

Akainuka, moyo ukimdunda kwa raha. Bwenini aliwahi kughushi barua ya mwalimu mkuu, wasichana wote wakala nyama siku mbili mfululizo. Karatasi hii ilikuwa kazi yake bora zaidi, na ilibidi iwe hivyo. Matanga yalikuwa yameanuliwa asubuhi ile, na baba mdogo Anaeli alikwisha kusema kwamba shamba lililo chini ya ndiva, bwawa la kumwagilia, linarudi kwa ndugu. Mjane, Eliwaza, angebaki na sufuria zake.

Hedwiga akasoma. Nyumba ni ya Eliwaza. Migomba ni ya Eliwaza. Shamba ni lake, na la watoto baada yake. Kila alipotua, mama yake alinyoosha mgongo kidogo. Hedwiga akanogewa, akaongeza ambalo hakuliandika: "Na zamu yangu ya maji, kila Jumapili, iwe yake."

Mzee Nathanaeli, mkuu wa ukoo, akamtazama kwa upole.

"Mjukuu wangu, baba yako amezibua ndiva ile miaka ishirini. Jumapili aliizibua lini?"

Kijiji kizima kilijua kwamba Jumapili maji hulala na watu huenda kanisani. Hata mbuzi walijua.

Anaeli akacheka hadi akashika mbavu. "Shule imekusahaulisha kwenu, binti yangu. Nani kaandika?"

"Mimi, baba mdogo. Yote." Akaikunja karatasi. "Baba hakuandika kitu. Likizo ya Desemba mama alimsihi aandike, nikiwepo. Akamjibu, wosia wa nini, na Anaeli yupo?"

Kicheko kikakatika. Anaeli akamgeukia shemeji yake. Eliwaza hakuinamisha macho.

Hedwiga akangoja aulizwe tena. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika kalamu, hakuwa ametunga hata neno.