Sifuri ya Ropati

Wiki ile nilichanganyikiwa mpaka nikatia chumvi kwenye chai, nikainywa.

Mjomba Sefo anatunza chumba cha barafu kijijini kwetu, kisiwani Savai'i, na mle ndani walikuwemo jodari wa harusi ya binti yake, Moelagi. Programu inayoendesha ubaridi ilikuwa na hitilafu: mara ipoze, mara isahau. Kuirekebisha ni kazi yangu, nami nakaa mjini Apia, kisiwa cha pili. Kila jioni niliingia kwenye mashine ile kwa mtandao, nikaisimamisha programu katikati ili nichungulie inakosea wapi. Na kila jioni, kabla sijaona kitu, mtandao ulikatika.

Ukikatika, mashine hubaki imesimama ikinisubiri. Isubiri muda gani kabla ya kukata tamaa na kuendelea kupoza? Hapo lazima uandike namba. Nikiweka ndogo, nafukuzwa kila mtandao unapokohoa. Nikiweka kubwa, samaki wanapata joto. Subira yavuta heri, ngoja ngoja yaumiza matumbo. Wahenga wenyewe hawakuelewana, nitaelewa mimi?

Nikampigia mjomba kumuuliza huko jioni kuna nini.

"Kuna sā, mwanangu. Mji umekusahaulisha? Kombe la baharini likipulizwa tunakaa ndani tunasali. Kile kisanduku cha mtandao nakizima."

"Unakizima kwa nini, mjomba?"

"Kina taa inakonyeza. Nisali huku nakonyezwa?"

Niliona aibu, maana sala hiyo nimekulia ndani yake. Nikamuuliza huchukua muda gani, ili niandike namba hiyohiyo. Akasema inategemea, ila siku hizi imerefuka kidogo. Kidogo ya mjomba hajapata kutokea mtu wa kuipima.

Ropati wa meza ya jirani, anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, akaniambia niweke sifuri. Sifuri ni kutosubiri kabisa, alisema. Mtandao ukizimwa tu, mashine inaendelea na kazi. Iliniingia akilini. Jumamosi jioni kombe likapulizwa, mtandao ukakatika programu ikiwa imesimama, nami nikaenda zangu nyumbani roho imetulia.

Jumapili hakuna anayegusa chumba cha barafu. Jumatatu mjomba alipofungua mlango, harufu ilimtangulia kutoka. Kumbe kwa mashine ile sifuri ni kusubiri bila mwisho. Ilikuwa imesimama palepale nilipoiacha, inaningoja mimi. Ropati alisema kimantiki bado yuko sahihi. Nilitamani kumzaba kofi.

Wageni wa Moelagi walilishwa nyama ya kopo. Nilipanda feri kwenda kuomba radhi, nimejiandaa kutukanwa, lakini mjomba alinisogezea sahani ya magimbi na kuniambia nile kwanza. Hilo lilinichanganya kuliko matusi. Kwa kuwa namba bado sikuwa nayo, nikamuuliza sala imerefuka kwa sababu gani.

"Si wewe uliyetuambia kazi inakuchanganya?" akasema. "Tukaongeza ya kukuombea. Kila mmoja kwa zamu yake, Moelagi ndiye huanza."

Akaniuliza kama ingenisaidia wakiifupisha, nikamwambia waiache hivyohivyo, namba nitaitafuta mwenyewe.