Mama wa Ukurasa wa Kumi na Saba

Mwalimu wa lugha alikuwa amefika insha ya tisa, kalamu nyekundu ikianza kukauka, marehemu walipoanza kuketi kwenye mabenchi nje ya ofisi ya walimu. Mada ilikuwa "Siku Nisiyoweza Kuisahau", na kila alipoitoa, vijana wa kidato cha pili waliwaua mama zao ndani ya insha. Marehemu huja kungoja alama, kisha huenda zao.

Mwaka huo arobaini na mmoja walivaa gauni la kijani, kikapu cha mayai mkononi na damu kidogo kwenye paji la uso, kwa kuwa darasa lilikariri insha moja ya kitabu kimoja cha marudio. Mtoro wa dawati la nyuma alinakili ovyo, mama yake akaja na vikapu viwili.

"Habari za safari, akina mama?"

"Ama kwa hakika, ajali haina kinga!" wakajibu kwa pamoja.

"Punguzeni sauti, watu wanasahihisha," mwalimu wa hesabu akafoka bila kuinua kichwa.

Mwishoni mwa benchi aliketi wa arobaini na mbili. Sweta lake la kahawia halikuwa na kifungo cha juu. Alikohoa kiganjani.

"Mwanangu amekula?"

"Amekula, mama," mwalimu akasema, ingawa hakujua.

Insha ya binti yake haikujaza ukurasa. Humo alimgeuza mama ubavu, akaenda kuchota maji, akarudi. Basi. Mwalimu aliisoma mara tatu, akaandika thelathini na nane juu ya arobaini.

Mkuu wa idara akaikata. "Ina methali ngapi?"

"Haina. Lakini mkuu, mwenyewe yuko pale nje, msikilize anavyokohoa."

"Nimemwona, na nimemsalimu. Mwongozo unataka methali tano. Mpe kumi na moja, usinitafutie balaa."

Mwalimu alikuwa na hasira za kuangusha ukuta. Akazimeza, akaandika kumi na moja.

Chini ya kumi na tano ni kurudia kidato. Mama wa sweta alishukuru, akaondoka akishikilia ukuta. Shangazi aliyemlea binti akaapa kwamba akianguka mtihani tena, shule basi.

"Nilikosea wapi, mwalimu?" binti akauliza.

Mwalimu akavuta droo, akampa kitabu cha marudio. "Ukurasa wa kumi na saba," akasema, macho yakiwa kwenye droo.

Mwaka uliofuata binti alipata thelathini na tatu. Mwalimu akapita benchi hadi benchi akitafuta sweta la kahawia. Yalikuwa magauni ya kijani tu. Akasimama mbele ya aliyeketi mwishoni, akamwambia mwanawe amefaulu, na kwamba leo yeye mwalimu amemuuliza binti mwenyewe, na amekula.

"Wahenga hawakukosea waliponena," mama yule akajibu, "mtaka cha mvunguni sharti ainame."