Paka wa Karugendo na Nyasi za Bondeni

Walipohamishiwa kijiji cha ujamaa kule Ngenge, mwaka wa sabini na nne, Klaudia alibeba vitu vitatu: jembe, rozari, na paka wa marehemu mumewe, Karugendo. Mbuzi na ng'ombe kamati iliwaandika. Paka hakuna kamati iliyomtaka.

Ndiye aliyebaki akilala upande wa kitanda wa Karugendo, akikoroma kama yeye, ila hakunywa lubisi, pombe ya ndizi.

Mwezi haukuisha, paka akaanza kujikuna. Alijikuna shingo hadi manyoya yakang'oka, akajitafuna tumbo likawa jekundu kama kahawa mbivu. Klaudia, kwa huruma, akazidi kutandika sakafuni nyasi mpya za bondeni, kama Mhaya yeyote anayejiheshimu. Kadiri alivyotandika, ndivyo paka alivyojikuna.

Klaudia alipokwenda msibani Nshambya alimwacha paka kwa jirani yake Sada, aliyekulia Bukoba mjini. Aliporudi baada ya siku tisa alimkuta amejinyoosha mkekani, vidonda vimekauka.

"Ni nyasi zako, mama," Sada alisema. "Hizi za huku zinamwasha. Zitoe."

"Nikae kwenye udongo mtupu kama mbuzi? Wageni watasema Karugendo alioa nini?"

"Wageni gani, mama? Anayeingia kwako kila siku ni huyo paka."

Klaudia alicheka, akambeba paka, akamrudisha kwenye nyasi. Siku ya nne damu ikatoka tena. Akawaza: ng'ombe wa kijiji huogeshwa joshoni, kupe wakafa; paka ana dhambi gani? Msimamizi wa josho alipokwenda mkutanoni, akachota kopo moja la dawa, akamwogesha vizuri, hata nyuma ya masikio.

Paka, kama ilivyo desturi yao, akajilamba ili akauke.

Alitokwa povu, akatetemeka mapajani mwa Klaudia. Jua halijazama, akanyamaza.

Klaudia alimzika nyuma ya nyumba. Kisha akaingia ndani, akazoa nyasi zote, akafagia hadi udongo ukang'aa.

Jumapili alikuja Clavery, mjumbe wa nyumba kumi. Akasimama mlangoni ameduwaa.

"Waitu, Klaudia! Nyumba bila nyasi?"

"Zinamwasha paka."

Clavery akatazama huku na huku. "Mbona simwoni?"

"Amemfuata Karugendo," Klaudia alisema, akampa kigoda. "Huko naomba wasimtandikie."