Safu ya Saba, Namba Kumi na Nne

Seva ilianza kulia saa nne na robo asubuhi, mshonaji akiwa katikati ya kola. Lilikuwa sanduku jeusi lililokaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na ndani yake mlikuwa na diski nne zilizobeba sauti ya marehemu mumewe. Enzi za uhai wake, mume alimsomea gazeti kila asubuhi, kwa kuwa macho ya mkewe yalikuwa kwenye sindano. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhifadhi kila kitu hadi vifuniko vya kalamu, alijirekodi. Asubuhi elfu moja mia mbili na ushee. Tangu afariki, miaka mitatu sasa, mshonaji alikuwa akizifungulia moja baada ya nyingine na kushona. Habari zenyewe zilishachacha zamani, lakini yeye hakuwa akifuata habari.

Sasa diski zote nne zilitoweka kwenye skrini na chumba kikanyamaza. Mshonaji alibaki na kola mkononi. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya mazishi, maana siku ile angalau watu walikuwa wengi.

Alimpigia simu wifi yake. Huyu alikuwa dada wa marehemu, fundi wa kompyuta, na kwa kuwa ndiye aliyewafungia mtandao watu wa mtaa mzima, utani haukuisha: mbona wifi yako leo inasuasua? Alifika na begi la bisibisi na uso wa mtu aliyekatishwa chai.

"Umeigusa?"

"Nimeipangusa vumbi tu, wifi."

"Kila anayeniita kapangusa vumbi tu."

Alifungua sanduku, akasikiliza. Diski hazikuwa na ubaya, alisema. Zilikuwa zikizunguka vizuri. Mgonjwa alikuwa kadi inayozisimamia, kipande cha ukubwa wa kiganja ambacho nyaya za diski zote huishia kwake. Programu iliyomo ndani ya kadi ilikuwa imeharibika, ikawa inazificha diski na kudai hazipo. Dawa yake ilikuwa kuiflashi: kufuta programu ya zamani yote na kuandika mpya.

"Ila kadi ikishafutwa inasahau hata inaitwa nani," alisema wifi. "Lazima niiandikie anwani yake. Huwa imebandikwa nyuma."

Karatasi ilikuwepo nyuma, lakini joto la miaka mingi lilikuwa limekula maandishi. Aliimulika kwa tochi, akaipeleka dirishani kwenye jua, wapi!

"Sasa tutafanyaje?"

"Namba yoyote inafaa, mradi isiwe ya kitu kingine humu ndani. Nipe unayoikumbuka, ili siku nikiisahau unikumbushe."

Mshonaji alikuwa na namba moja tu kichwani. Hata ya simu yake mwenyewe alikuwa ameiandika kwenye karatasi. "Sifuri saba, moja nne," alisema. Wifi alitanguliza sifuri kumi na mbili ili nafasi zijae, akaandika hizo nne mwishoni, na ndipo kidole kikamsimama juu ya kitufe. Safu ya saba, kaburi la kumi na nne. Naye alikuwepo siku ya kumzika kaka yake.

"Haya," alisema, akabonyeza.

Kadi iliamka. Diski zikarudi kwenye skrini, zote nne, na chini yake ya tano. Wifi aliinama akahesabu kwa kidole zilizomo sandukuni. Zilikuwa nne. Alihesabu tena, zikabaki nne. "Hiyo tutaiangalia baadaye," alisema. "Kwanza tumsikie kaka."

Kaka alisoma. Ilikuwa ile asubuhi ya habari za daraja lililochelewa kufunguliwa. Sauti yake ilitoka mbali, chini, imefunikwa, na juu yake magari yalikuwa yakipita. Katikati ya sentensi gari moja lilianza kurudi nyuma huku likipiga kile kimlio chake, tiit, tiit, naye akanyamaza hadi lilipotulia. "Samahani, mke wangu," alisema kwenye rekodi ya miaka sita iliyopita, "kuna gari." Kisha akaendelea na daraja.

Wifi alifanya yote ambayo fundi hupaswa kufanya. Alibadilisha waya. Alichomoa kadi, akayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Alileta spika nyingine. Magari yaliendelea kuegeshwa. Ndipo akafungua diski ya tano. Mlikuwa na faili moja tu, na ilikuwa ikirefuka huku wakiitazama.

"Wewe ndiye wa maua meupe?" iliuliza sauti ya mwanamke.

"Ndiye mimi," alijibu mshonaji. "Nani mwenzangu?"

"Mimi ni wa kumi na tatu. Tangu mwaka jana unaniletea mimi. Nilijua si yangu, ila sikuwa na wa kumwambia. Unisamehe, dada. Mume wako yuko upande wa pili wa ukuta."

"Alitoka lini?"

"Hakutoka. Ukuta ndio ulioingia."

Mshonaji alikumbuka kwamba ukuta ulikuwa umemkaribia kidogo, akadhani ni macho yake. Alijionea haya. Mwaka mzima alikuwa akimwelezea mambo ya ndani ya nyumba mtu asiyemjua.

"Basi kaka atakuwa kumi na tano," alisema wifi. Aliifuta kadi mara ya pili, safari hii akiitazama taa ya darini, maana umeme ukikatika kati ya kufuta na kuandika hakuna fundi wa kuifufua. Akaandika sifuri saba, moja tano. Kadi ilifikiri muda mrefu. Kisha skrini ikajibu: Anwani haipo. Wifi hakulia mazishini kwa kuwa alikuwa na kazi ya kupanga viti. Alilia hapo, bisibisi mkononi, halafu akairudishia kadi namba yake ya kwanza.

Kesho yake walikwenda ofisi ya makaburi. Karani alikuwa mtu mpole mwenye daftari safi.

"Safu ya saba ina vibao kumi na vinne na watu kumi na wanne," alisoma. "Imetimia, mama."

"Mume wangu yuko nje."

"Ni kweli ukuta ulinyooshwa. Ulikuwa umepinda, na ofisi ilihitaji maegesho. Kwa hiyo safu ikasogezwa. Lakini msiwe na wasiwasi, tulivyosogeza ni vibao. Watu hatukuwagusa."

"Na kibao namba moja kimeangukia wapi?" aliuliza wifi.

"Njiani. Jamaa zake hawajalalamika."

"Basi mrudishieni kaka yangu kibao chake kule alipo."

"Kule si makaburini, dada. Kule ni maegesho." Hakusema kwa ubaya, alisoma kilichoandikwa, na kweli ndicho kilichoandikwa. Aliwapa fomu ya malalamiko. Mstari wa kwanza ulitaka namba ya kaburi, nao hawakuwa na namba ya kujaza.

Tangu hapo mshonaji alishona kwa gazeti na magari. Gazeti likiisha, mwanamke wa kumi na tatu huuliza kuhusu mikono ya magauni, kama bado inashonwa mirefu. Alikuwa na ombi moja: kaka yake huja kila Jumapili na kumsalimia mzee wa kumi na mbili akidhani ni dada yake. Mshonaji alimsubiri huyo bwana, akamwambia asogee hatua moja kuelekea ukutani. Bwana alishukuru, akasogea, akaanza salamu upya.

Siku ilipotimia miaka minne tangu afariki mumewe, mshonaji alikwenda upande wa pili wa ukuta. Alihesabu hatua mbili kutoka ukutani, akasimama baina ya mistari miwili myeupe, akaanza kumweleza mumewe jinsi alivyomkosa. Hakuwa amefika mbali gari la meneja wa makaburi lilipofika. Meneja alishusha kioo, akauliza, akaelezwa. Alizima injini. Alimpa pole, pole ya kweli, hata macho yakamlowa. Kisha akamwomba asogee kidogo, maana hiyo ilikuwa nafasi yake.

Mshonaji akasogea. Gari likaingia sawasawa katikati ya mistari, na kwa heshima ya marehemu, meneja akafunga mlango polepole.