Kengele Kwenye Wimbo wa Mwisho

Kiangazi kile, kondoo wangu wakiwa malishoni mlimani, niliwapa kijana Sjur na wenzake wa bendi banda lililobaki tupu wakarekodi albamu yao ya kwanza: metali ya kasi, ule muziki wa magitaa makali, kwa lahaja ya bonde letu. Ulibaki wimbo mmoja theluji ilipowahi, kondoo wakateremshwa wiki nzima kabla ya siku yao.

"Mzee Torleiv, tumekwisha," Sjur akasema. "Watalala wapi hawa?"

"Piga gitaa, mjinga wewe. Kondoo wamevaa sufu, wewe fulana," nikamjibu.

Majirani wakaacha kahawa zao, wakalizuia kundi uani mpaka wimbo ukaisha. Kengele ya kondoo kiongozi ikarekodiwa humo, na Sjur hakuifuta.

Nimetangatanga milimani na kondoo miaka arobaini bila jina langu kuandikwa popote. Sasa liko kwenye jalada la albamu, chini ya la yule kondoo. Nashukuru.