Divai Kwenye Sanduku la Mama

Mtoto akirudi na shahada kutoka ng'ambo, mfurahie; lakini sanduku lako lifunge mwenyewe. Mama mmoja alimwachia mwanawe amfungie, siku waliyorudi pamoja kutoka kwenye mahafali yake. Majirani walishambandika kijana huyo jina la Mjuaji, wala hawakumwonea.

Mjuaji alinunua chupa kadhaa za divai za kujipendekeza kwa mtu aliyemwahidi kazi. Kulipa ushuru? Ushuru ni wa washamba! Akazisokomeza zote kwenye sanduku la mama yake, akazivisha magauni yake. Mama alikuja kuambiwa wameshatua, sanduku linazunguka kwenye mkanda.

"We mtoto! Na jina lililobandikwa hapo ni langu!"

"Tulia, mama. Watu wazima hawapekuliwi. Wewe kaza uso, tembea."

Uso ulikazwa, chupa hazikukazwa. Msomi mzima hakujua kwamba gauni jepesi halizuii chupa kugongana na kuvunjika. Magurudumu yakachora mstari mwekundu sakafuni, moja kwa moja hadi meza ya forodha.

Afisa wa kike mwenye miwani akaufuata mstari kwa macho. "Mama, umechinja nini humo?"

 Mama akageuka kumtafuta mwanawe. Lo! Mjuaji alishapita zamani, kasimama karibu na mlango wa kutokea, simu sikioni, anacheka. Simu yenyewe ilimzimikia tangu kwenye ndege.

Sanduku likafunguliwa; harufu ikapiga ukumbi mzima. Gauni jeupe la mama, la kutokea mbele za watu, lilikuwa zambarau.

"Mngezitaja tu hapa, mkalipia, mkaenda zenu," afisa alisema. "Kuficha ndiko kunakoleta kesi. Ni zako?"

Hapo ndipo wazazi tunapojimaliza. Ulimi unawasha useme ni zangu, mtoto asiaibike. Wa mama huyu nao uliwasha. Kisha akamwona msomi wake anajisogeza taratibu kuukaribia mlango.

"Magauni ni yangu," akasema. "Divai ni ya bwana yule anayeongea na simu iliyozima."

Mjuaji akarudishwa kashikwa mkono. "Mama, umeniuza!"

"Nikuuze? Nani akununue?"

Afisa akamwingiza Mjuaji chumba cha ndani. Mama akakung'uta vipande vya chupa kwenye magauni yake, akaomba mfuko wa kuyabebea nyumbani.