Mrusi Aliyepewa Syauswa

Jumanne ya wiki ya tatu ya muhula, saa kumi na moja jioni, Florentine alikuwa nyuma ya jiko la bweni akichambua maharagwe na mama yake Kanyere, mpishi wa shule, wakati mwandishi Mrusi alipotoka maktabani na kuuliza kama kulikuwa na chai. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka tisini iliyopita. Kanyere alimwambia angoje, maji hayajachemka.

Kitabu chake kilikuwa kimoja tu pale shuleni, kurasa mia nane na tisini, na jina lake kwenye jalada lilikuwa limeliwa na panya. Alipoulizwa alilitaja vizuri, lakini hakuna aliyeweza kulirudia, hivyo akaitwa Mrusi. Kifaransa chake kilikuwa safi kuliko cha Ma Sœur, mkuu wa shule. Ma Sœur alimtazama zile ndevu nyeupe zilizofika kifuani, akampa kiti cha mapadre wa zamani.

Theluji ilimwangukia yeye peke yake, polepole, hata akiwa chini ya mabati ya chumba cha kulia. Ma Sœur alisema theluji si jambo geni, iko Ruwenzori, na siku ya anga safi inaonekana kutoka Beni. Kanyere aliweka beseni kando ya kiti. Kufikia usiku lilikuwa limejaa. Chemchemi ilikuwa chini ya kilima cha Vulamba, palipokuwa na shule, na kwenye kona ya njia yake askari walikuwa wakiwangoja wanawake. Tangu siku hiyo maharagwe ya bweni yakapikwa kwa theluji.

Florentine hakuwa na desturi ya kumheshimu mtu. Ni yeye aliyemfunga mbuzi wa padre kwenye kamba ya kengele, misa ya Pasaka ikaanza saa tisa usiku. Lakini alimheshimu Mrusi. Alikuwa amekisoma kile kitabu mara nne, mara moja kanisani, kikiwa kimefichwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Kwenye ukurasa wa mia nne na kumi na mbili mkulima anabebeshwa risasi za jeshi mpaka anakufa kando ya barabara akiwa amepiga magoti, kwa sababu mzigo haukumruhusu kulala. Redio haikuwahi kumweleza Florentine kilichompata baba yake kwenye barabara ya Beni. Padre naye hakumweleza. Ukurasa ule ulimweleza.

Ni kweli kwamba Mrusi aliandika kuwa mtu asitumikiwe na mtu, na shati lake alilifua Kanyere. Ni kweli pia kwamba Jumamosi ya salongo, mji mzima ulipotolewa kulima mitaro kwa amri ya askari, alishika jembe kwa furaha kubwa, akalima hatua mbili, akamkabidhi Florentine jembe lile, akaketi juu ya jiwe kuandika utamu wa jasho. Florentine alimaliza mtaro wake na wa Mrusi. Jioni alizisoma zile kurasa huku malengelenge yakimpasuka viganjani, akakubali kwamba malengelenge yako hivyo hasa. Hakuna mwingine aliyeweza kuusoma mwandiko ule, kwa hiyo ikawa kazi yake kuzinakili.

Mwezi uliofuata askari walimchukua kaka yake Florentine, Syauswa. Alikuwa seremala. Walimwambia abebe masanduku ya risasi mpaka Beni, akasema familia yake ilishabeba. Wakamtia katika shimo la kambi, karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, refu kama watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine, wakalifunika kwa mbao ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezipiga randa mwaka uliotangulia. Kila jioni Kanyere alimpelekea chakula, maana jeshi halikulisha watu wa shimo.

Kwa shauri la namna hiyo, familia hutuma msemaji mmoja na mbuzi mmoja. Msemaji wao alikuwa Lusenge, kaka yake Kanyere, mchuuzi wa viazi vya Lubero. Alikuwa ameshamaliza posa tatu na kesi moja ya mpaka wa shamba, zote kwa kuwachosha watu. Alikuja na mbuzi tayari.

"Tumeni Mrusi," Florentine alisema.

"Ule muzee hapana mutu wa kuomba," Lusenge alijibu. "Ni mutu wa kuandika."

"Tonton, weye utatukana komanda ya kambi," Florentine alimwambia mjomba wake.

"Nitamutukana, ndiyo! Nitamutukana mpaka alale, aamuke, anikute ningali pale. Lakini mutoto atatoka."

"Komanda anasoma kitabu yake. Analiaka machozi. Batu bamemuona."

Lusenge alimgeukia dada yake. Kanyere alikuwa akimtazama Mrusi, aliyekuwa akilia peke yake kwa ajili ya kuku aliyekuwa akichinjwa.

"Mutu mwenye anajua huruma vile," Kanyere alisema, "atashindwa namna gani kuiomba?"

Lusenge akamrudisha mbuzi kambani.

Komanda Bertrand, aliyetoka mkoa mwingine na aliyesomea fasihi, alimpokea Mrusi, aliyesindikizwa na Florentine, kwa kupiga saluti. Alikuwa na nakala yake ya kitabu kile, yenye mhuri wa shule ambayo haikuwa na paa tena. Akausoma kwa sauti ukurasa wa mia nne na kumi na mbili, machozi yakamtiririka. Askari wake walivua kofia.

"Muzee, unataka nini?"

"Kijana aliye shimoni," Mrusi alisema.

"Ni wako."

Walimtoa. Syauswa alisimama juani akiwa na udongo kwenye nyusi, Florentine akampangusa uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Mambo yote hayo yalichukua dakika tano, na wangeweza kuondoka. Lakini komanda alikuwa ameagiza chai, na wakati wa kuingoja akatoa karata.

Florentine aliyaona macho ya Mrusi yakibadilika. Aliiweka saa yake iwe dau, akaliwa. Akaweka viatu, akaliwa. Akapapasa mifuko, kisha akatazama huku na huku kuona ana nini tena. Alikuwa na Syauswa. Amepewa, mbele ya mashahidi. Huko kwao zamani alikuwa na watu mia tatu waliokuwa mali yake, na hivyo ndivyo walivyopungua.

"Yaya wangu hapana yako!" Florentine alipiga kelele kumtetea kaka yake.

"Binti yangu," Mrusi alimwambia kwa upole wa kweli kabisa, "karata inayokuja ni nzuri. Naihisi."

Ilikuwa nne nyeusi.

Syauswa hakungoja kusukumwa. Alishika ngazi mwenyewe, akashuka, na kichwa kilipofika usawa wa ardhi akasimama.

"Ambia mama aongeze chumvi," alisema. "Maharagi ya jana ilikosa chumvi."

Njiani Mrusi alitembea peku huku theluji ikimwangukia, akilia kama mtoto, na hakuwa akijifanya. Walipofika Vulamba aliomba kalamu. Kesho yake Lusenge alimpeleka mbuzi, akakaa siku tatu kwenye lango la kambi akitukana kwa bidii yote. Komanda alimpokea mbuzi. Kuhusu mengine alisema kwamba waungwana wakishacheza, shauri halifunguliwi upya. Isingekuwa karata zile, alisema, mbuzi angetosha.

Kwa siku hizo tatu Mrusi aliandika kurasa kumi na moja. Florentine aliketi nyuma ya jiko kuzinakili, akitafuta mahali pa uongo. Hapakuwapo. Harufu ya udongo mbichi ilikuwapo, na mwanga wa jua ukipita kati ya mbao, na seremala akizitambua mbao zake kutoka upande wa chini. Hata chumvi ilikuwapo. Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika. Akachukua nyingine, akaanza upya, maana ukurasa kama ule usingefaa kuchanika, na kwa jambo hilo alimchukia Mrusi zaidi kuliko kwa zile karata. Hakuruka neno. Alipomaliza alianza nakala ya pili, ambayo Komanda Bertrand alikuwa ameiagiza mapema.

"Ameandika nini?" Kanyere aliuliza.

"Yaya."

"Ameandika muzuri?"

Florentine alitamani sana kudanganya.

"Muzuri, mama. Kama mutu aliingia mule na yeye."

Kanyere alimtazama Mrusi, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha mapadre, kinywa wazi, ndevu zimejaa theluji.

"Sogeza basi beseni," alisema. "Inaanguka pembeni. Na unipe chumvi."